Orodha ya Mahututi

Kila asubuhi isipokuwa Jumapili, kabla jua halijawa kali, nilitoka hospitalini na karatasi moja iliyokunjwa mara mbili, nikavuka uwanja wa mchanga hadi ofisi ya vibali. Karatasi hiyo ilikuwa na majina ya wagonjwa ambao daktari aliamini hawatapona. Juu yake palipigwa taipu: Orodha ya Mahututi. Siku nyingine ilikuwa na majina manne, siku nyingine moja. Siku ambayo haikuwa na jina lolote niliipeleka vilevile, na karani wa vibali akaigonga muhuri ikiwa tupu na kunirudishia.

Ulikuwa mwaka wa tatu wa vita vile ambavyo serikali iliviita vya shifta, yaani majambazi. Mjini kwetu Garissa watu wazima hawakuvipa jina. Walisema tu "hali". Hali ikipoa tutafanya hivi, hali ilipoanza tulikuwa kule. Ilikuwa marufuku kutoka nje tangu magharibi hadi saa kumi na mbili asubuhi. Wafugaji wengi walikuwa wamekusanywa katika vijiji vilivyozungushiwa seng'enge, na mtu hakuweza kutoka humo kwenda popote bila kibali. Ndiyo maana orodha ile ilikuwa na nguvu ambayo karatasi nyingine za hospitali hazikuwa nayo. Jamaa wa mgonjwa wa kawaida hawakupewa kibali cha kuja kumwona. Jamaa wa aliyeandikwa katika orodha walipewa: mtu mmoja, kwa siku moja, na awe ameanza safari ya kurudi kabla ya saa kumi alasiri.

Mimi nilikuwa mkalimani. Nilizaliwa mjini hapo, upande ambao leo unaitwa Iftin, na nilikuwa nimepata shule kidogo. Daktari alitoka ng'ambo, wauguzi walitoka bara, na wagonjwa wengi hawakujua lugha ila Kisomali, kwa hiyo karibu kila neno lililotoka kwa mmoja kwenda kwa mwingine lilipitia kinywani mwangu. Hospitali yenyewe haipo tena. Zilikuwa wodi mbili za mabati zilizosimamishwa haraka kwa ajili ya siku zile, na vita vilipokwisha zilibomolewa. Pale ziliposimama pakaota migunga na miiba, na baadaye pakajengwa nyumba za watu.

Mzee mmoja aliletwa kwa lori la mfanyabiashara kutoka upande wa Diff, mpakani. Alikuwa mrefu, ndevu zake zimetiwa hina, na hakuweza kumeza. Alieleza ugonjwa wake kwa mpango, kama mtu anayeeleza njia: kwanza ilikataa nyama, kisha wali, kisha uji, na sasa hata maziwa ya ngamia yalikuwa yakifika mahali fulani kifuani na kurudi. Daktari alimpiga picha kwa mashine, akaitazama dirishani, akaniambia kwa sauti ya chini kwamba ni uvimbe wa umio na kwamba hapakuwa na la kufanya ila kumlisha kwa mpira na kumpunguzia maumivu. Kisha akanigeukia na kusema nimwambie mzee kwamba tutamtibu, avumilie. Nikamwambia: tutakutibu, vumilia. Ilikuwa desturi ya wodi ile, na nadhani ya wodi nyingi, kwamba mgonjwa haambiwi.

Alipewa kitanda cha mwisho, karibu na ukuta. Kitanda cha pili yake kilikuwa na askari polisi mmoja kutoka bara, kijana bado, ambaye lori lao lilikanyaga bomu lililofukiwa barabarani. Mguu wake ulikuwa umefungwa plasta na kuning'inizwa juu kwa kamba na vyuma vizito, naye alikuwa amelala hivyo wiki ya saba. Siku ya kwanza alimtazama mzee kwa jicho baya, akaniuliza kama huyu si baba yao wale waliofukia bomu. Sikutafsiri. Mzee hakungoja tafsiri, aliuona uso. Baada ya muda akaniita.

"Adeer," aliniambia, neno ambalo kwetu mtoto humwita ndugu wa baba, na ndugu wa baba humwita mtoto vilevile, "muulize huyo. Kwetu nyama ikianikwa namna hiyo ni ya safari ndefu. Huo mguu wanaupeleka wapi?"

Nikamtafsiria askari. Alijaribu kukasirika, ikashindikana, akacheka mpaka vyuma vikagongana.

"Mwambie mzee unatangulia nyumbani. Mimi nitaufuata."

Tangu siku hiyo walizungumza kila alasiri, wodi ikiwa kimya na wauguzi wamesinzia kwa joto. Nilikaa katikati yao juu ya debe la taka lililogeuzwa. Mzee alijua maneno machache ya Kiswahili ya sokoni, akisema "bolisi" na "bole sana", na askari akajifunza kuuliza kwa Kisomali kama ameamka salama. Zaidi ya hapo ilibidi nipitishe mimi. Nilishangaa kuona mambo waliyoulizana. Askari alitaka kujua ngamia hunyonyesha muda gani. Mzee alitaka kujua kama ni kweli kwao mvua hunyesha mpaka watu wakaichukia.

Wiki ya tatu mzee aliniuliza, mbele ya bakuli la uji wa kulishwa kwa mpira, watu hawa wengine wanaletewaje jamaa zao. Alikuwa amemwona mwanamke mmoja akiingia kumwona mumewe, na mwanamke huyo alitoka kijiji cha seng'enge. Nikamweleza habari za orodha. Sikupaswa, lakini swali lake lilikuwa la wazi na mimi nilikuwa nimechoka. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Basi niandike mimi," alisema.

Nilimwambia orodha ile si ya kuomba. Ni daktari anayeamua, na anayeandikwa ni mtu ambaye amekata tamaa naye.

"Mimi sikuulizi kama nitapona. Nimefuga wanyama maisha yangu yote, namjua mnyama anayeacha kula. Nakuambia uniandike, kwa sababu nina ndugu yangu, na bila karatasi hiyo hawezi kufika."

Ndugu huyo alikuwa mdogo wake, baba mmoja mama mmoja, naye alikuwa katika kijiji cha seng'enge mwendo wa saa mbili kwa lori kutoka Garissa. Hawakuwa wamesemezana kwa zaidi ya miaka ishirini. Mzee alinieleza sababu siku hiyohiyo.

Wakati wa ukame fulani walikuwa wakihama kuelekea visima, wao wawili, wake zao, mama yao na ngamia wote wa ukoo. Njiani mama alizidiwa. Hakuweza kupanda ngamia wala kulala juu yake. Kilichobaki ni maji ya siku mbili, na kisima kilikuwa mbali siku mbili. Mdogo alisema wanyama wasipofika maji watakufa wote na watoto watawafuata. Aliondoka na msafara. Mkubwa alibaki na mama chini ya kivuli cha mti wa miiba, na kiriba kimoja. Mama alikufa siku ya pili, mchana. Mkubwa alimwosha kwa mchanga, maana maji hayakutosha, akamzika peke yake, akatembea hadi kisimani. Alimkuta mdogo wake akinywesha. Mbele ya wazee waliokuwapo aliapa kwa Mwenyezi Mungu: hukuwepo kwenye mauti ya mama, hutakuwepo kwenye yangu. Mkono wako hautaniosha wala hautanitia kaburini.

Kwa watu wetu kiapo cha namna hiyo si hasira ya siku moja. Mdogo alihama na sehemu yake ya ngamia, akaja huku upande wa Tana, na hata mkubwa alipougua na habari kuenea, hakutuma mtu. Hakuwa na ruhusa ya kuja. Aliyefunga mlango ndiye peke yake aliyeweza kuufungua, na alitaka kuufungua kwa mdomo wake, uso kwa uso.

Nilikwenda kwa daktari. Nilimkuta akinawa mikono, nikamweleza yote kwa mpangilio. Alikuwa mtu mwema. Naandika hivyo kwa sababu ni kweli. Alisema bado. Mzee anazungumza, anakaa, anacheka na askari. Nikamwambia mzee mwenyewe anajua na mwenyewe anaomba. Akakausha mikono yake kidole kimoja kimoja.

"Nikimwandika leo, kesho watamwekea pazia," alisema. "Mpira wa chakula utaanza kufika kwake mwisho. Nimeona hivyo kila nilipofanya kazi. Watu wakishamwandika mtu, wanaanza kumwacha."

Mimi pia nilikuwa nimeona. Aliyeandikwa alizungushiwa pazia la kitambaa cha kijani kwenye fremu ya magurudumu. Ilisemekana ni kwa heshima yake. Lakini nyuma ya pazia hapakuwa na mtu, na waliokuwa mbele yake waliteremsha sauti na kutazama kwingine. Wagonjwa wote walijua maana ya magurudumu yale yakianza kulia sakafuni. Miaka michache iliyopita nilikaa wiki mbili katika hospitali kubwa ya Nairobi ambako mke wangu alikuwa amelazwa. Hapakuwa na pazia la kijani wala orodha niliyoweza kuiona. Palikuwa na mlango wa kioo, kengele, na madaktari vijana wenye adabu waliosema wanaendelea kumfuatilia. Niliwasikia nikalitambua neno lile. Lilikuwa "vumilia" langu, limevaa koti jipya.

Nirudi kwa mzee. Nilipotoka kwa daktari alikuwa ameketi, anautazama mlango niliotokea. Ningeweza kumwambia daktari amekataa, na sababu zake. Ningeweza kurudi tena kesho na keshokutwa, kumsumbua daktari mpaka akubali, maana hakuwa mtu wa kiburi. Badala yake nilitazama uso ule na nikasema yaliyokuwa mepesi kusema.

"Umeandikwa, adeer. Ndugu yako ataitwa."

Alifumba macho, akashukuru Mungu, akalala upande wake wa kulia.

Siku nane alingoja. Kila asubuhi nilipoingia wodini aliniuliza ndugu yake amefika wapi, na kila asubuhi nilimwambia yuko njiani, malori yamekuwa machache, barabara imefungwa kwa sababu ya hali. Sababu hazikukosekana siku zile. Zilikuwa zikizagaa kila mahali, mtu akiokota yoyote. Askari, ambaye alikuwa akiona ninaporudi na karatasi na ambaye hakuwa mjinga, aliniuliza mara moja kwa Kiswahili kama jina la mzee kweli limo. Nikamwambia limo. Alinitazama kidogo kisha akageuza uso pembeni, na alasiri ile hakukuwa na mazungumzo.

Mzee hakuzungumza sana tena hata hivyo. Alikuwa akiweka akiba ya sauti yake. Kwetu mtu anayejua anakufa husema maneno yake ya mwisho, nayo yana jina, dardaran. Si wasia wa mali tu. Ni pale anapoachia alichokishika na kukabidhi alichobeba, na wanaomsikia hawana hiari ila kuyafikisha. Mzee alikuwa na dardaran yake tayari, na alikuwa akimwekea mtu mmoja. Nilipomwomba aseme neno alionyesha koo na kutikisa kichwa, kama mwenye kiriba kidogo na njia ndefu.

Jumamosi mchana alitapika damu. Daktari alikuja, akampima. Kisha akaniambia: "Mwandike." Nilitazama saa ya ukutani. Ilikuwa saa nane. Ofisi ya vibali ilifungwa Jumamosi saa sita na haikufunguliwa tena mpaka Jumatatu.

Magurudumu ya pazia yalilia sakafuni kabla ya saa tisa.

Jumapili baada ya adhuhuri niliingia nyuma ya pazia na kuketi. Alikuwa amepungua kwa namna ambayo sikudhani mtu anaweza kupungua kwa usiku mmoja. Aliniuliza kwa macho. Nilimwambia kwamba jina lake limeandikwa jana. Alikunja uso, akasema ilikuwa siku nyingi tangu niandike. Nikamwambia sikuandika. Daktari alisema bado, nami nilisema uongo, siku zote nane.

Niliingojea laana na nilijua ningeistahili. Alinitazama kama mtu anayejaribu kukumbuka nimezaliwa na nani.

"Kumbe na wewe ni daktari," alisema.

Hakuniambia kitu kingine juu ya jambo hilo, siku hiyo wala baadaye, maana baadaye haikuwepo. Aliuliza kama ndugu yake anaweza kufika leo. Nikasema hapana. Kesho? Kesho kibali, labda keshokutwa mtu. Akafikiri. Kisha akauliza nani yupo hapa.

Nikamwambia: mimi, na wagonjwa waliolala, na askari.

"Msafiri akifikwa na mauti mbali na watu wake," alisema, akipumzika baada ya kila maneno mawili, "dini imempa ruhusa ya mashahidi wa watu wengine. Wawili. Mwite huyo bolisi."

Askari hakuweza kuja popote, kwa hiyo nilisukuma pazia mpaka likazunguka vitanda vyote viwili, wao wawili na mimi ndani. Muuguzi wa zamu, ambaye wote tulimwita sista, alikuwa amefika na sindano ya maumivu. Mzee aliiona. Aliniomba nimwambie aiache kwanza, kwa sababu baada ya sindano ile maneno yake huyeyuka. Sista alisema ni amri ya daktari na saa imefika. Alitazama uso wa mzee, akatazama saa aliyoibandika kifuani.

"Nusu saa," alisema. "Nitakuwa naosha vyombo. Vina kazi leo."

Mzee alisema sentensi moja, mimi nikaigeuza Kiswahili, na askari akairudia kwa sauti. Ndivyo alivyotaka. Hakuelewa Kiswahili kile, lakini alisikiliza urefu wake, na askari aliporudia kwa ufupi alinyanyua kidole na kumtaka arudie tena yote. Jasho lilimtoka yule kijana kama mwanafunzi mbele ya mwalimu. Kila jambo lilipokamilika mzee alikunja kidole kimoja.

La kwanza, kiapo chake alikuwa amekifuta, na mdogo wake amwoshe na amzike, yeye na si mwingine akiwepo. La pili, kafara ya kiapo ni kulisha maskini kumi. Yeye mwenyewe angeweza kufunga siku tatu badala yake, na Mungu anajua amefunga mwezi mzima katika kitanda hiki, lakini hakuwa ametia nia. Basi ndugu yake alishe watu kumi kwa niaba yake. Hapo midomo yake ilijaribu kutabasamu.

La tatu lilichukua muda wote uliobaki. Alisema kwamba kwa miaka yote alisimulia kuwa mama alikufa akimwita mdogo na hakumwona. Ni kweli alimtaja. Lakini hakumwita. Siku ya pili, kabla ya adhuhuri, mama alifumbua macho na kuuliza: ngamia wamefika? Yeye hakumjibu, kwa kuwa alikuwa na hasira na hakutaka kumtetea ndugu yake hata mbele ya mtu anayekufa. Mama akauliza tena. Hakumjibu. Akafa. "Mambo haya sikumwambia mtu," alisema. "Na ngamia hao ndio waliotulisha. Maziwa yao niliyanywa."

Askari alirudia jambo hilo mara moja tu, na mara hiyo halikupungua neno. Mzee akakunja kidole cha tatu. Sista akaingia na sindano.

Hakusema tena. Jumatatu nilikuwa mlangoni mwa ofisi kabla haijafunguliwa, karani akagonga muhuri, na kibali kikapanda lori la posho lililokuwa likipeleka unga vijijini. Nilirudi nikakaa naye mpaka saa ya kufungiwa ndani ilipokaribia, nikimlowesha midomo kwa pamba, nikimsomea shahada karibu na sikio. Kisha ilinibidi kwenda nyumbani kama watu wote.

Jumanne nilipofika, saa kumi na mbili na dakika chache, kitanda kilikuwa kimefunikwa shuka mpaka juu. Askari alikuwa macho. Aliniambia palipokuwa panapambazuka alisikia pumzi inabadilika. Alimwita muuguzi, naye alikuwa wodi ya pili. Alinyosha mkono mpaka kamba ya mguu ikamkata, akalivuta pazia, akapata mkono wa mzee.

"Sikujua maneno yenu," alisema. "Nikamwambia tu kwamba niko hapa."

Maiti ilipelekwa katika chumba kidogo nyuma ya wodi. Wazee wawili wa msikitini walikuja kumwosha. Niliwaomba wangoje, na joto lilipozidi walinung'unika, wakangoja. Lori la posho lilirudi karibu na adhuhuri. Aliyeshuka alikuwa mwanamume mwenye urefu uleule na ndevu nyeupe zisizotiwa hina, kibali kimebanwa kati ya vidole viwili. Hakuna aliyehitaji kumwambia. Aliona sanda iliyokunjwa mikononi mwa wazee wale.

Nilimfikisha hadi mlango wa chumba na hapo alisimama. Alisema kuna kiapo. Nikamwambia kimefutwa, mimi nilisikia. Alinitazama toka viatuni hadi kofiani.

"Wewe ni mdomo wa serikali," alisema. "Mdomo husema kila unachopewa. Nani mwingine alisikia?"

Nikampeleka kwa askari.

Alisimama kwanza, akatazama sare iliyotundikwa kwenye msumari juu ya kitanda. Siku zile watu wa vijiji vile hawakuketi karibu na sare kwa hiari yao. Kisha akaketi kwenye kitanda kitupu cha ndugu yake. Nilifungua kinywa kuanza kutafsiri, akaninyoshea kiganja, kwa upole, ninyamaze. Alizungumza mwenyewe, kwa Kiswahili cha soko la mifugo.

"Wewe kijana. Ndugu yangu nasema nini?"

Askari alijiinua kwa viwiko. Alikunja kidole cha kwanza kama alivyofundishwa.

"Alisema kiapo amekifuta. Wewe umwoshe, wewe umzike." Akakunja cha pili. "Alisema ulishe maskini kumi." Akasita. "La tatu ni la mama yenu, mzee."

"Sema."

"Alisema mama hakukuita. Mama aliuliza kama ngamia wamefika. Aliuliza mara mbili. Yeye alinyamaza."

Mwanamume yule alikuwa ameinamisha kichwa.

"Ngamia nafika," alisema, kwa Kiswahili kilekile, akimwambia askari. "Wote nafika."

Alimwosha yeye mwenyewe. Mimi nilimmiminia maji na wale wazee walisimama pembeni kumwelekeza, lakini hakuhitaji kuelekezwa. Alianza upande wa kulia, akapitisha mkono polepole shingoni na kifuani, pale ugonjwa ulipokuwa, akarudia mahali hapo zaidi ya mara tatu. Maji hayakukosekana, Tana iko pale. Tulimswalia watu saba na kumzika sita, kwa kuwa mmoja alikuwa na zamu. Niliporudi wodini kuchukua kofia yangu askari aliniuliza kama amemwosha. Nikasema amemwosha. Akaitika kwa kichwa, akauliza kama kuna chai.

Ilikuwa saa tisa na nusu. Dereva wa lori alikuwa amekwisha kuwasha injini na anahesabu magunia matupu. Nilimsindikiza yule ndugu, na tulipofika kwenye gurudumu la nyuma nilimweleza kwamba kuna siku nane. Nilimweleza zote, na neno nililomwambia mzee, na kwamba lau ningemwambia ukweli na kumrudia daktari, yeye angefika wakati ndugu yake bado ana sauti.

Alisikiliza huku akifunga shuka lake kiunoni kwa safari.

"Siku hizo nane," aliniuliza kwa Kisomali, "alikuwa akiniulizia?"

"Kila asubuhi."

"Ukimjibu nini?"

"Kwamba uko njiani."

Alikaza fundo la shuka, akalijaribu kwa kuvuta. Akaweka mguu juu ya gurudumu, akashika ubao, akapanda kati ya magunia na kuketi akiuelekea mji. Hakunipa mkono, nami sikunyosha wangu. Lori likaondoka, na nilibaki pale mpaka vumbi lilipotua, kisha nikaanza kutembea kurudi kazini, kwa sababu kulikuwa na wagonjwa wapya na hakuna aliyejua lugha yao.